Ovakloki kwa kompyuta ya bei nafuu Uganda: vifaa vinavyopatana na upoozaji wake, hatua kwa hatua

Swali linalorudi kila mara ni hili: nimenunua kompyuta ya mezani iliyotumika mjini Kampala, nimeingia BIOS (menyu ya mipangilio ya ubaomama), lakini sioni mahali pa kuongeza mwendo wa prosesa. Mwingine ameona mahali, ameongeza, na sasa mashine inajizima katikati ya mchezo. Wote wawili huomba namba za kujaza kwenye BIOS. Mara nyingi shida yao haimo BIOS hata kidogo. Walishafungiwa mlango dukani, siku waliyolipa.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu ununuzi. Ovakloki yenyewe, yaani kuongeza mwendo wa prosesa kupita ule wa kiwandani, ni kazi ya jioni moja.

## Utakachohitaji

- Prosesa iliyofunguliwa kiwandani (mwendo wake unaweza kuongezwa) na ubaomama unaoikubali
- Pawasaplai ya kweli, si ya jina
- Kipoozeo cha mnara chenye feni ya milimita 120
- Feni mbili za kasha, angalau
- RAM vipande viwili vinavyofanana
- Pesti ya joto, spiriti ya hospitali na kitambaa kisichotoa nyuzi
- Bisibisi ya nyota, yenye shingo ndefu
- UPS au stebilaiza
- Flashi ya USB
- Programu za bure: CPU-Z (hutaja vifaa vyako), HWiNFO64 (huonyesha joto na volti), Cinebench R23 na OCCT (huitesa prosesa), na MemTest86 (hupima RAM)

Nakili mafaili yako pembeni kabla ya chochote. RAM iliyosukumwa kupita kiasi huharibu mafaili kimyakimya, na utagundua wiki zimeshapita.

## Hatua ya 1: Jua kama mashine uliyonayo inakubali

Mashine nyingi za mezani zinazouzwa kwetu ni zile zilizotoka maofisini ng'ambo: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara, na kwa kazi za ofisi sina neno nazo. Kwa ovakloki, achana nazo.

Sababu ni tatu. Prosesa zake, kama i5-4570 au i5-6500, zimefungwa: kizidisho cha mwendo (namba inayozidishwa na mwendo wa msingi) hakisogei. Ubaomama wake hutumia chipuseti (chipu kuu ya ubaomama) za Q au B zisizoruhusu. Na hata ukitaka kuhamisha vitu, viunganishi mara nyingi ni vya kampuni yenyewe. OptiPlex 9020, kwa mfano, ina mdomo mkuu wa umeme wa pini 8 badala ya 24, kwa hiyo pawasaplai ya kawaida haiingii bila adapta.

Fungua CPU-Z. Kichupo cha kwanza kinakupa jina la prosesa; kile cha ubaomama kinakupa chipuseti. Kwa Intel tafuta herufi K mwishoni mwa jina la prosesa, na Z mwanzoni mwa jina la chipuseti. Vyote viwili, si kimoja. (P67 ya zamani ni mojawapo ya tofauti chache.) Muuzaji akikuambia i7 yoyote inaongezeka, mwombe akuonyeshe.

Umefaulu ukijua: jina kamili la prosesa, jina la chipuseti, na kama utaendelea na mashine hii au utaiuza.

## Hatua ya 2: Prosesa na ubaomama, vinunuliwe kama ndoa

Kwa mfuko mdogo, mimi huelekeza watu kwenye AMD ya soketi AM4. Karibu prosesa zote za Ryzen za soketi hiyo zimefunguliwa, hata za bei ya chini, na vifaa vilivyotumika ni vingi sokoni. Ila kuna mitego minne, na watu wananasa kwenye ileile.

Mtego wa A. Mbaomama za A320 na A520 haziongezi mwendo wa prosesa. Ni rahisi, zinang'aa, na muuzaji atasema "hii ni AM4, inakubali Ryzen yote." Inakubali kuwaka, basi. Unachotaka ni B350, B450 au B550. X370, X470 na X570 pia zinafaa, ila bei yake haina sababu kwa kazi hii.

Mtego wa namba. Ryzen 3 3200G na Ryzen 5 3400G zina jina la kizazi cha 3000, lakini ndani ni za usanifu wa kizazi cha nyuma yake. B550 haizikubali rasmi, kama isivyokubali Ryzen 1000 na 2000. Hizo zipeleke kwenye B450.

Mtego wa BIOS. B450 inaendesha Ryzen 5 5600 vizuri kabisa, lakini BIOS yake ikiwa ya zamani, kioo kinabaki cheusi. Mtu anadhani prosesa imekufa. Mwambie muuzaji aisasishe kabla hujaichukua, au nunua ubaomama wenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa. Ukisasisha nyumbani, fanya hivyo ukiwa kwenye UPS, na uangalie kwanza Yaka (mita ya umeme wa kulipia kabla) ina yuniti za kutosha. Umeme ukikatika BIOS ikiwa inaandikwa, ubaomama unaweza kufa palepale.

Mtego wa VRM. VRM ni ile mizunguko iliyopangwa kando ya soketi, inayoshusha volti 12 za pawasaplai hadi volti moja na kidogo za prosesa. Ovakloki inaibebesha mzigo mkubwa. Angalia kama ina vipande vya chuma vya kupoza vilivyofungwa juu yake. Ubao ulio uchi eneo hilo usiuoanishe na prosesa ya kore 8 unayotaka kuisukuma. Angalia pia mdomo wa umeme wa prosesa juu kushoto: pini 8 ni bora kuliko 4.

Pendekezo langu kwa wengi ni Ryzen 5 2600 au 3600 na B450 yenye chuma juu ya VRM. Asiye na kadi ya picha achukue 3400G kwenye B450, au 5600G kwenye B450 au B550.

Kwenye maduka mengi yetu bidhaa ikishauzwa hairudi. Basi usilipe kabla hujaona prosesa *yako* kwenye ubaomama *wako* ikifika skrini ya BIOS. Muuzaji wa vifaa vilivyotumika anayekataa kukuwashia amekwishakujibu. Na Ryzen za AM4 zina pini 1,331 chini ya tumbo; zikague kwa mwanga wa simu, pini moja iliyolala inatosha kukuharibia safari.

Umefaulu ukiona: skrini ya BIOS ikitaja prosesa yako kwa jina sahihi, na sehemu ya CPU Ratio ikikubali kuandikwa.

## Hatua ya 3: Pawasaplai, usome kibandiko

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kasha limeandikwa "500W" kwa herufi kubwa, na limekuja na pawasaplai ndani bure. Puuza herufi kubwa. Soma mstari wa 12V kwenye kibandiko, kwa sababu prosesa na kadi ya picha hula hapo.

Zidisha ampea kwa 12. Kibandiko kikisema 12V ni ampea 18, hiyo ni wati 216. Zile 500 ni za mdomoni.

Piga hesabu ya mzigo wako. Ryzen 5 2600 imeandikwa wati 65, lakini ikisukumwa itengee 130. Kadi ya RX 580 itengee 185. Feni, diski, RAM na ubaomama, 50. Jumla 365. Kwa mzigo huo ningetafuta pawasaplai ya wati 550 yenye takriban ampea 40 au zaidi kwenye 12V, na nembo ya 80 Plus kutoka kampuni inayojulikana.

Onyo: pawasaplai za bei ya chini zina swichi ndogo nyekundu nyuma, 115 na 230. Uganda tunatumia volti 240. Ikiwekwa 115 ukachomeka, utasikia mlio na kunusa moshi, na huenda ikaondoka na vingine. Iangalie kabla ya kuchomeka, hasa kama mashine imetoka Marekani.

Iliyo bora haina swichi hiyo kabisa. Imeandikwa 100–240V na hujirekebisha yenyewe. Kwenye mitaa ambayo jioni volti inalegea hadi taa zinakuwa nyekundu, hiyo ndiyo itakayoendelea kufanya kazi huku nyingine ikijizima.

Umefaulu ukiwa na: pawasaplai ambayo wati za 12V zinazidi mzigo wako kwa theluthi moja hivi, na waya wa pini 8 kwa prosesa.

## Hatua ya 4: Umeme wa ukutani

Mashine iliyosukumwa haina subira na umeme mbovu. Kushuka kwa volti ambako zamani hungekuona, sasa kunaleta skrini ya bluu, na utalaumu ovakloki bure.

UPS ya 650VA haina wati 650. Nyingi hutoa kati ya 360 na 390. Linganisha na hesabu ya hatua ya 3, kisha ongeza kioo. Jambo jingine: pawasaplai nzuri nyingine hazipatani na UPS rahisi ambazo wimbi lake la umeme si laini, umeme ukikatika mashine inajizima papo hapo ingawa betri imejaa. Jaribu kwa kuchomoa UPS ukutani mashine ikiwa kwenye mzigo mdogo, mafaili yote yamefungwa.

Kagua pia waya wa ardhi. Ukigusa kasha la chuma ukahisi vidole vikitekenywa, soketi yako haina ardhi au ekstensheni imekatwa pini ya tatu. Muite fundi umeme. Kifaa cha kulinda friji ni bora kuliko kuchomeka moja kwa moja, lakini hakina betri. Kazi yake ni kukata tu.

## Hatua ya 5: Kipoozeo na njia ya hewa

Tuangalie ukubwa wa tatizo kwanza. Joto la prosesa hupanda pamoja na mwendo, na hupanda kwa kipeo cha pili cha volti, yaani volti zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe. Chukulia Ryzen 5 2600 inayokwenda GHz 3.7 kwa volti 1.20. Ukiipeleka GHz 4.0 kwa volti 1.35, mwendo umeongezeka asilimia 8. Volti zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe zimeongezeka asilimia 27 hivi. Kwa pamoja, joto limepanda karibu asilimia 37. Kwa hiyo unanunua kipoozeo kwa ajili ya volti kuliko mwendo.

Wraith Stealth, kile kifupi kinachokuja na Ryzen nyingi, kimetengenezewa wati 65. Kwa ovakloki kiweke kabatini. Nunua kipoozeo cha mnara chenye mabomba manne ya shaba: Deepcool AK400, Cooler Master Hyper 212 na vya aina hiyo vinatosha. Vya maji vya bei ya chini sivipendekezi. Pampu ikifa, wa kuibadilisha utamtafuta. Feni ikifa, utapata nyingine kesho yake.

Kabla ya kulipa, pima kasha. Minara hii ina urefu wa milimita 155 hadi 160, na makasha membamba hayafiki hapo. Weka rula kutoka uso wa ubaomama hadi ukingo ambapo ubavu hufungiwa. Uliza pia kama boksi lina vifungio vya AM4, maana vilivyotumika huja mara nyingi bila skrubu zake.

Kuna kitu ambacho karibu kila mtu hukisahau. Kipoozeo kifupi cha kiwandani hupuliza chini, na upepo wake hupita juu ya VRM. Mnara hupuliza kuelekea nyuma. Ukibadilisha, prosesa inapoa lakini VRM inabaki bila upepo, na mashine inaanza kushusha mwendo huku nyuzi za prosesa zikionekana nzuri. Dawa yake ni feni ya nyuma ya kasha inayovuta hewa nje, karibu kabisa na VRM.

Mpangilio: feni ya mbele inaingiza, ya nyuma inatoa. Ukiweza ya tatu, iende mbele. Hewa inayoingia ikizidi inayotoka, vumbi la murram halinyonywi kwenye kila tundu. Linakuja mbele tu, ambako utaweka kichujio. Makasha yenye kioo kizima mbele bila matundu yapendeze kwa majirani.

Chumba nacho kina kauli. Kila nyuzi moja chumba kinapopanda, prosesa inapanda takriban moja. Aliye Kabale na aliye Gulu mwezi wa Januari, chini ya mabati yasiyo na dari, hawawezi kutumia namba zilezile. Na Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kwa kama sehemu moja ya kumi, kwa hiyo feni inabeba joto kidogo kuliko ilivyopimwa na mtu wa pwani.

## Hatua ya 6: RAM

Vipande viwili, si kimoja. Kwa Ryzen tafuta DDR4 ya 3200 yenye XMP (mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya RAM yenyewe). Tundu la pili na la nne kutoka kwenye prosesa ndiyo sahihi kwenye mbaomama nyingi za matundu manne. Ryzen 1000 na 2000 huenda zikagoma 3200; shuka hadi 3000 au 2933 bila aibu.

Kama huna kadi ya picha na unategemea 3400G au 5600G, hatua hii itakupa zaidi ya kusukuma prosesa, kwa kuwa sehemu ya picha hutumia RAM hiyohiyo.

## Hatua ya 7: Kufunga

Onyo kubwa: ukitoa kipoozeo cha zamani kwenye AM4, usikivute juu. Pesti iliyokauka hung'oa prosesa kwenye soketi ingawa imefungwa, na pini hupinda. Washa mashine dakika kumi ipate joto, izime, chomoa umeme, fungua skrubu, kisha zungusha kipoozeo kushoto na kulia taratibu mpaka kiachie.

Safisha kwa spiriti. Weka tone la pesti la ukubwa wa punje ya mbaazi katikati. Ng'oa karatasi ya plastiki iliyo chini ya kipoozeo kipya. Kikikaa, kaza skrubu kwa kupokezana, nusu mzunguko kila upande. Ng'oa karatasi ya plastiki iliyo chini ya kipoozeo kipya. Chomeka feni yake kwenye CPU_FAN, vinginevyo huenda ubaomama ukatoa onyo au kukataa kuwaka.

## Hatua ya 8: Pima kabla hujagusa kitu

Fungua HWiNFO64, endesha Cinebench R23 kwa dakika 10, andika kwenye karatasi: alama, mwendo wa kore zote, nyuzi za juu kabisa, na joto la VRM kama linaonyeshwa. Andika na saa uliyopima, maana saa nane mchana na saa nne usiku ni vyumba viwili tofauti.

Umefaulu kama: prosesa haijapita nyuzi 70 kabla ya ovakloki. Ikipita, rudi hatua ya 7. Kipoozeo hakijakaa.

## Hatua ya 9: Ongeza mwendo

Anza na RAM peke yake: washa XMP (mbaomama nyingine huiita DOCP au A-XMP), kisha endesha MemTest86 kutoka kwenye flashi usiku kucha. Kosa hata moja ni kosa. Shusha mwendo wa RAM.

Kisha prosesa, kwa Ryzen 1000 hadi 3000:

1. Weka CPU Core Voltage kwa mkono, 1.25. Usiiache Auto, kwa sababu Auto hupenda kumwaga volti.
2. Weka CPU Ratio hatua moja juu ya mwendo wa kore zote ulioandika hatua ya 8.
3. Washa, endesha Cinebench dakika 10.
4. Ikipita, ongeza 0.25 kwenye kizidisho. Ikianguka, ongeza volti 0.025.
5. Simama kwa chochote kitakachofika kwanza: nyuzi 85, au volti 1.35 kwa Ryzen 1000 na 2000. Kwa 3000 mimi husimama 1.30.

Ryzen 5 2600 nyingi hufika 4.0, na 1600 ziko karibu na 3.8. Usigombane na prosesa iliyogoma hapo. Silikoni hazikuzaliwa sawa.

Kwa Ryzen 5 5600 usifunge mwendo kwa mkono. Ikiachwa yenyewe hupandisha kore moja hadi 4.4, na ukiifunga unaweza kuipunguzia kasi kwenye kazi za kore moja. Nenda Precision Boost Overdrive, kisha Curve Optimizer, kore zote, Negative, 10. Ikidumu, jaribu 15, halafu 20. Volti zinashuka, joto linashuka, na mwendo unapanda wenyewe. Kwa nchi yenye joto na umeme wa kulipia kabla, hii ndiyo ovakloki ninayoipenda kuliko zote.

Mashine ikikataa kuwaka, izime, chomoa umeme, na uunganishe pini za Clear CMOS kwa bisibisi kwa sekunde kumi. Kama huzioni, toa betri ya CR2032 kwa dakika tano. Kila kitu kitarudi kama mwanzo.

## Hatua ya 10: Mtihani wa mwisho

Endesha OCCT saa moja, saa nane mchana, madirisha yakiwa kama unavyoyaacha siku zote. Kisha cheza mchezo wako mzito kwa jioni nzima, maana kadi ya picha huongeza joto ndani ya kasha ambalo mtihani wa prosesa peke yake hauonyeshi.

Umefaulu kama:

- Prosesa iko chini ya nyuzi 85, VRM chini ya 100
- HWiNFO64 haijaandika kosa lolote la WHEA (makosa ya vifaa ambayo Windows huyarekodi)
- Alama za Cinebench zimepanda, na mwendo haushuki kadiri dakika zinavyokwenda
- UPS hailii

Makosa ya WHEA bila mashine kuanguka bado ni makosa. Rudisha kizidisho hatua moja. Alama zikishuka ingawa mwendo umepanda, gusa kasha karibu na VRM kwa nyuma. Ikiwa panaunguza, tatizo ni upepo, si volti.

Rudia mtihani huu mwanzoni mwa kiangazi, Desemba na Juni, baada ya kupuliza vumbi. Shika mapanga ya feni kwa kidole unapopuliza yasizunguke ovyo, na upeleke kasha nje ya nyumba kwanza.